Kile Ambacho Mpiga Picha Hawezi Kukivumilia

Sisi tunaopiga picha za watu hapa Kisumu tunatambuana kwa kazi. Mtu akitupia picha kwenye kundi letu la WhatsApp, haina muhuri wala jina, haipiti muda kabla ya mmoja kusema, "Hiyo ni ya fulani wa Kondele," na mara nyingi anapatia. Maharusi si wake, nguo si zake, na mahali ni pale pale Dunga ambapo nusu ya mji imepigia picha, mashua nyuma, gugu maji pembeni. Kamera ndizo hizi hizi tunazoazimana. Hata hivyo tunajua.

Jibu la haraka ni rangi. Kila mtu na namna yake ya kuhariri: huyu anapenda kahawia, yule anazima kijani chote mpaka nyasi za uwanja wa Jomo Kenyatta zinabaki kijivu. Lakini chukua faili kabla hazijaguswa, zikiwa mbichi kwenye kadi, na bado utajua ipi ni ya nani. Kwa hiyo kuna kitu kinachoingia kabla ya kompyuta, kabla hata ya kidole kubonyeza.

Watu wakizungumza habari za nafsi ya mpiga picha kuonekana katika kazi yake, hufikiria hisia. Aliyefiwa atapiga picha za huzuni, aliyeoa juzi atapiga za furaha. Mimi sijaona hivyo. Mwenzetu mmoja alizika mtoto, akarudi kazini mapema kwa sababu kodi haingoji matanga, na harusi alizopiga mwezi ule zilijaa vicheko kama za mwezi mwingine wowote. Huzuni ilikaa nyumbani kwake. Kinachopenya ndani ya picha ni kitu cha chini zaidi ya hisia za wiki hii, nacho ni kile ambacho mpigaji hawezi kukivumilia. Kuna asiyevumilia kimya. Kuna asiyevumilia ukaribu, au uzee, au weusi wa ngozi, au mtu kutompenda. Hukwepa bila kujua kwamba anakwepa, na kule kukwepa kukirudiwa picha baada ya picha kunakuwa mtindo, naye anaanza kusifiwa kwa mtindo wake.

Tuanze na ukaribu, maana huo unapimika kwa futi.

Wengi wanaoanza kazi hii huamini kwamba lenzi ndiyo inayobadilisha uso. Si lenzi, ni miguu. Ukimsogelea mtu mpaka nusu mita, pua yake iko karibu na kamera kuliko masikio kwa tofauti kubwa, basi pua inatuna na masikio yanajificha. Rudi nyuma hatua mbili tatu, tofauti ile inapungua na uso unatulia. Lenzi kazi yake ni kukata tu: inaamua utachukua kiasi gani cha kile ambacho umbali umeshakipanga. Lenzi ya milimita 85 inasifiwa kwa picha za uso kwa sababu inakulazimisha usimame mahali ambapo watu wawili wanaoheshimiana wangesimama wakizungumza.

Kuna kijana mmoja, fundi hasa, anayefanya kazi yake yote kwa milimita 200, lenzi ya kusimama mbali. Picha zake ni nzuri sana. Nyuma kote kumeyeyuka, mtu amebaki peke yake kwenye mwanga. Lakini pitia ukurasa wake mzima utafute mtu anayekutazama machoni. Hayupo. Bibi harusi anatazama ziwa, mzee anatazama fimbo yake, mtoto anatazama kitu nje ya picha. Nilipomuuliza alisema anapenda picha za asili, mtu asijue kwamba anapigwa. Sawa. Ila nimefanya naye kazi, na nimeona kwamba hata maelekezo huyapitisha kwa msaidizi: "Mwambie asogee kushoto." Ni mtu wa haya kupita kiasi. Picha zake ni dunia kama anavyoiona mtu ambaye kutazamwa kunamchoma, na kwa hilo ni za kweli kuliko za wengi wetu. Sitaki abadilike.

Nikaja kukutana na dada mmoja wa Kakamega ambaye ni kinyume chake kabisa. Lenzi ya milimita 35, ya kusogea karibu, na kabla ya kupiga lazima amtengeneze mtu kola, ampanguse jasho, amuulize kama amekula. "Mama, umekunywa chai lakini?" Watu wote katika picha zake wameinama mbele kidogo, kana kwamba wanataka kumwambia jambo. Pua ni kubwa, mikono ni mikubwa, mabega yamekatwa. Wateja wengine hulalamika kwamba wamenenepeshwa. Yeye hana habari. Hawezi kukaa chumba kimoja na mtu akabaki mgeni, na hilo linaonekana kwenye kila uso alioupiga.

Kimya nacho. Tazama picha za babu zetu zinazoning'inia sebuleni juu ya vitambaa vya kufuma. Hakuna anayecheka. Wengi husema ni kwa sababu filamu za zamani zilikuwa za polepole, mtu akicheka picha inatikisika. Hiyo ilikuwa kweli karne moja na nusu iliyopita. Picha nyingi tulizo nazo majumbani ni za miaka ya 1950 na 1960, na wakati ule kamera ilinasa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Hawakucheka kwa sababu picha ilikuwa karatasi ya kuachiwa wajukuu, na uso wa kuachia wajukuu si uso wa kuchekea. Mpiga picha naye aliukubali uso ule, akakaa nao, akangoja. Siku hizi mtu hajakaa vizuri kwenye kiti tunampigia kelele: "Cheka kidogo! Sema chizi!" Kwa macho yangu, nusu ya vicheko vilivyoko mtandaoni si vya wanaocheka. Ni woga wa mpiga picha aliyeshindwa kustahimili sekunde tatu za mtu kumwangalia bila kusema kitu.

Mimi kazi hii niliipata Nakuru, kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio nyuma ya soko, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa Ziwa Nakuru na flamingo wakubwa kuliko miti. Alikuwa na Yashica ya lenzi mbili, ile unayoishika tumboni na kutazama kutoka juu. Kwa asiyeijua: huiweki jichoni. Unafungua kifuniko, unainamisha kichwa, na ndani ya kioo kidogo unamwona mteja wako, kushoto kwake kumekuwa kulia. Roli moja ilikuwa na fremu 12, na kila fremu ilikuwa pesa.

Kamera ile ilifanya mambo mawili ambayo nimeyaelewa baadaye. La kwanza, mteja hakuwa akitazamwa na jicho la kioo lililoelekezwa usoni mwake. Alichokiona mbele yake ni utosi wa mzee aliyeinama, kama mtu anayemwamkia. La pili, kwa kuwa lenzi ilikuwa usawa wa tumbo, kila mtu alipigwa kutoka chini kidogo. Vibarua wa mashamba, makarani, akina mama wa sokoni, wote walitoka na shingo ndefu na kidevu cha mwenye nyumba. Mzee alikuja kununua kamera ya kisasa kama kila mtu, ya kuweka jichoni, lakini aliendelea kupiga magoti. Nilikuwa nikidhani ni mazoea ya mwili. Sasa sina hakika.

Na mikono. Hakuna aliyetoka pale bila mikono yake kuonekana. Hata mtu akitaka picha ya mabega kwenda juu, mzee angempigia ile aliyoitaka, kisha angesema, "Sasa tulia, ngoja na ya mikono." Ile ya pili mara nyingine aliitoa bure, na huyu alikuwa mtu ambaye angekufuata mpaka stendi kudai shilingi kumi. Aliipanga mikono juu ya paja, kiganja kimoja juu ya kingine, vidole vimelegea. Mtu akiificha chini ya shuka au mfukoni alikuwa akinung'unika.

Hakuwahi kueleza sababu. Siku ya mazishi yake, wakati wa kusoma historia ya marehemu, tulisikia kwamba mama yake alikuwa mchuma pareto kule juu, enzi ambapo pareto ilikuwa uhai wa mji wa Nakuru, na kwamba alikufa bila kuacha picha hata moja. Nilipokuwa nimeshaanza kujijengea hadithi, dada yake akaniharibia. Tulikuwa tumekaa naye chini ya hema, nikamtajia jambo la mikono, akacheka. Alisema kaka yake alikuwa akichukia mikono iliyofichwa tangu kijana, tangu wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau, kwa sababu askari walipoingia kijijini waliamuru kila mtu atoe mikono nje. Basi ni mama au ni askari? Ni kutamani kuona mikono fulani tena, au ni kuogopa mikono usiyoiona? Ninazo picha zake chache, na nikizitazama naweza kuamini lolote kati ya hayo mawili. Picha zinasema kwamba mikono ilikuwa na uzito kwake. Hazisemi kwa nini, na nadhani hapo ndipo wengi wanaoandika kuhusu sanaa huvuka mpaka. Nafsi ya mtu inaonekana kwenye picha, ndiyo, lakini inaonekana kama alama za miguu: unajua amepita, na alikokuwa akielekea, hujui alikuwa akiwaza nini.

Wapo waliotusaidia kwa kusema wenyewe. Richard Avedon wa Marekani alikiri waziwazi kwamba picha zake za watu zilikuwa zinamhusu yeye kuliko zilivyowahusu waliopigwa. Kati ya mwaka 1979 na 1984 alizunguka majimbo ya magharibi ya nchi yake, akapiga wachimba migodi, wazururaji na wafanyakazi wa machinjioni, wote mbele ya karatasi nyeupe, kivulini, wamesimamishwa bila kicheko. Hakukaa nyuma ya kamera yake kubwa, alisimama kando yake, macho kwa macho na mtu. Walipigwa watu 752 kwenye karatasi za filamu zipatazo 17,000. Zilizoonyeshwa zilikuwa zaidi kidogo ya mia moja. Watu wa magharibi ya Marekani walipoziona wengi walikasirika: sisi hatuko hivi, hatujakonda moyo namna hii. Nao walikuwa na haki. Katika zile 17,000 bila shaka wapo watu waliotabasamu, lakini si hao waliomgusa Avedon.

Kisa kingine chake nakipenda na kunikera kwa pamoja. Mwaka 1957 alimpiga Edward, yule aliyeacha kiti cha ufalme wa Uingereza mwaka 1936, pamoja na mkewe Wallis Simpson. Walikuwa wazoefu wa kamera, walijua kuvaa nyuso za gazeti. Avedon alijua pia kwamba wanapenda mbwa wao kupita kiasi. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliwadanganya kwamba teksi iliyomleta ilikuwa imemgonga mbwa njiani. Nyuso zikaanguka, akabonyeza. Picha ile inaheshimiwa kama ufunuo wa upweke wa wanandoa wale. Mimi ninapoitazama namwona Avedon, mtu ambaye hakuweza kuvumilia kufungiwa mlango. Mzee wangu wa Nakuru angengoja, na wasingefungua angewapiga hivyo hivyo, wakiwa wamefunga.

Aliyenifundisha zaidi ni Samuel Fosso. Alizaliwa Kumba, Kamerun, mwaka 1962, akalelewa Nigeria. Amesimulia kwamba utotoni mwili wake ulikuwa umepooza sehemu, hivyo baba yake hakuona maana ya kumpiga ile picha ya miezi mitatu ambayo watoto wengine walipigwa. Vikaja vita vya Biafra. Baadaye alipelekwa kwa mjomba Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio yake mwenyewe. Mchana alipiga wateja. Jioni, fremu zilizobaki mwishoni mwa roli alijipiga yeye: miwani mikubwa, suruali za bugaluu, viatu virefu, mikono kiunoni. Alizituma Nigeria kwa bibi yake ili ajue kwamba kijana yuko hai na anaendelea vizuri. Miaka mingi baadaye, kwenye maonyesho ya kwanza ya picha ya Bamako, Mali, mwaka 1994, dunia ikaziita sanaa. Mtoto aliyenyimwa picha moja amekuwa akijipiga maisha yake yote. Haihitaji mchambuzi.

Hapa kwetu anayeonyesha wazi kile asichokivumilia ni Thandiwe Muriu wa Nairobi, aliyetokea katika upigaji wa matangazo, kazi iliyojaa wanaume. Wanawake wake wamevaa kitambaa kile kile kilichotandazwa nyuma yao, maua kwa maua, mistari kwa mistari, mpaka mwili unamezwa. Usoni wamevaa miwani iliyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Kinachobaki bila kumezwa ni ngozi nyeusi, ambayo haijapunguzwa hata kidogo. Amesema mwenyewe kwamba anazungumzia jinsi mwanamke anavyoweza kupotelea ndani ya matarajio ya jamii yake. Sawa, lakini hata asingesema ningejua kwamba huyu ni mtu aliyechoka kutoonekana.

Hilo la ngozi nataka nikae nalo, maana huku ziwani ndipo linapouma.

Kamera haijui mtu. Kipima mwanga kilichomo ndani yake hudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha katikati, na hujitahidi kukifanya hivyo. Muweke bwana harusi mweusi wa Seme kando ya gauni jeupe, kamera itahangaika, na mara nyingi itamtoa sadaka bwana harusi. Filamu nazo zilikuwa na upande wao. Kwa miaka mingi Kodak walisambaza kwenye maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, na rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Waliofanya kazi pale walikuja kusimulia kwamba msukumo mkubwa wa kuifanya filamu isome vizuri kahawia na weusi ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na fanicha za mbao, walioona bidhaa zao haziuziki kwenye matangazo. Siyo kwetu sisi. Kwa chokoleti.

Mzee wangu wa Nakuru alikuwa na dawa yake. Alijua kwamba ngozi nyeusi haitaki mwanga mwingi, inataka mwanga unaoteleza. Alimgeuza mtu dirishani mpaka mfupa wa shavu ung'ae, kisha akamtandikia kitambaa cheupe mapajani kirudishe mwanga chini ya kidevu. Hapa Kisumu, karibu na ikweta, jua la saa sita linasimama utosini na kuyatia macho shimoni, kwa hiyo kitambaa hicho bado natembea nacho. Mtu akitoka kwa mzee alikuwa mweusi na kila kitu kilionekana.

Leo tuna programu ya simu. Kidole kimoja, uso unapanda rangi mbili tatu. Niliona picha ya bibi mmoja wa karibu miaka tisini, amefanywa maji ya kunde, mikunjo imepigwa pasi, na shingo imesahaulika ikabaki na rangi yake. Bibi hakuomba. Watoto wake hawakuomba. Mpiga picha aliona aibu kwa niaba yake, akamfichia. Unaweza kuniambia kuhusu soko na wateja wanavyotaka, na wapo kweli wanaotaka, lakini anayemng'arisha mtu kabla ya kuulizwa ametueleza habari zake mwenyewe. Wapo pia wa upande wa pili, wanaompaka mtu mafuta na kumshusha mpaka awe mweusi tititi, macho tu yanawaka, kwa sababu picha za namna hiyo hupendwa na majumba ya sanaa ya ng'ambo. Hao nao wana njaa yao. Ngozi ya jirani yangu si makaa.

Sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi haihusu kupiga. Magharibi mwa Kenya picha ya mtu hupata kazi yake kubwa akishakufa: itachapishwa kwenye programu ya mazishi, kwenye bango la barabarani, kwenye fulana za wajukuu, na moja itawekwa fremu ibebwe mbele ya jeneza. Familia hunitumia walicho nacho, mara nyingi usiku. Picha ya kitambulisho, ambayo inamfanya kila Mkenya aonekane mshukiwa. Picha ya harusi ya mtu mwingine, nikate, niondoe bega la asiyejulikana. Kazi za wapiga picha wa kila aina hupita mikononi mwangu zikiwa zimekwanguka, na ndipo nilipojifunza kuona kilichomo.

Nzuri kuliko zote nilizowahi kupokea ilipigwa na mjukuu wa kike, mtoto wa shule ya msingi, kwa simu ya bei ya chini. Bibi amekaa mlangoni anachambua omena. Kamera iko chini, kimo cha mtoto. Bibi ameinua uso, na ule uso hakuna mtaalamu atakayewahi kupewa: hajajiandaa, hana cha kulinda, anataka kumtuma huyo mtoto chumvi. Mwaka 2013 Rob Jenkins wa Chuo Kikuu cha York alionyesha kwamba ukimpiga mtu kwa kamera kali, megapikseli 39, unaweza kutoa ndani ya mboni zake sura za watu waliokuwa wamesimama mbele yake, na wanaowajua wakawatambua. Simu ile haikuwa na uwezo huo. Nilikuza jicho mpaka likawa vibonge, nikaona mwanga wa uani na kivuli kifupi katikati. Mwanawe aliniomba niifanye ionekane ya studio. Nikaondoa beseni la plastiki lililokuwa nyuma, nikamrudishia, akasema ndiyo hiyo hiyo.

Mtoto yule hakuwa na kipaji cha ajabu. Hakuwa tu na kitu cha kukwepa kwa bibi yake.

Nisije nikaeleweka kana kwamba anayekaa kwenye kiti hana lake. Siwapendi wenzetu wanaojitangaza kwamba wanapiga roho za watu. Anayepigwa ana ukaidi wake, na kuna siku anashinda. Ndiyo maana siku hizi sichagui peke yangu. Avedon alichagua mia katika elfu kumi na saba, na hapo ndipo alipojichora kuliko popote. Mimi huweka zote mezani, hata zile ambazo ningeziacha.

Hivi karibuni alikuja mama mmoja mzee wa upande wa Nyakach, ameletwa na binti yake mwalimu. Alitaka picha yake ya kuzikiwa. Alisema hivyo hivyo, bila kushusha sauti. Amechoka kwenda matangani na kuona wenzake wamewekwa picha za vitambulisho. Ni wa kizazi kile cha Wajaluo waliotolewa meno sita ya chini, na wapiga picha wote aliowahi kukaa mbele yao walimwambia afunge mdomo. Mimi sikumwambia chochote. Nilipiga kimya, mdomo umefungwa, uso wa heshima, mwanga umekaa shavuni barabara. Kisha binti akakosea kumtaja mtu fulani wa kanisani, mama akaangua kicheko, pengo lote nje, nami nikabonyeza.

Nilipowaonyesha kwenye kompyuta binti alichagua ya heshima kabla sijamaliza kufungua nyingine. Nami moyoni nilikuwa naye. Mama akasema, "Nyathina, mwanangu, rudi nyuma. Hapo. Hiyo."

"Mama, hiyo ya meno?"

"Kwani nitazikwa mimi au utazikwa wewe?"

Wakabishana kwa Kijaluo kwa kasi ambayo sikuifuata yote. Binti aliona aibu kwa ajili ya wageni watakaokuja kutoka Nairobi. Mama aliuliza hao wageni watakuwa wanamlilia nani, kama hawataki kuyaona meno yake. Mwishowe wakaagiza zote mbili, ya heshima iende sebuleni kwa binti, ya kicheko ifungwe ndani ya bahasha na mama aondoke nayo yeye mwenyewe, maana hakumwamini yeyote kati yetu kwamba angeitoa siku ikifika. Fremu ya pili alitaka kwa nusu bei. Nikakataa, akakaa. Nikampa.